Wikendi ya marafiki Tanga na Pangani: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua tarehe hadi tiketi ya kurudi

Kundi la marafiki wa Dar likitaka kutoka kwa siku mbili tatu, jina la kwanza kutajwa ni Zanzibar, la pili Bagamoyo. Tanga hutajwa na mwenye ndugu huko tu. Nadhani ni hasara kubwa, maana mkoa huu una vitu viwili ambavyo ni vigumu kuvipata pamoja kwingine: mji mkubwa uliotulia, unaokula vizuri na unaotembeleka kwa baiskeli, na kilomita 50 hivi kusini yake pwani ya Pangani, ambako mto uliotoka Kilimanjaro na Meru unaingia baharini, na mbele yake kuna fungu la mchanga linaloitwa Maziwe.

Kuna usemi wa zamani: Tanga, waja leo waondoka leo. Kwa safari hii msiufuate. Mnahitaji siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, na mnahitaji kupanga kwa mpangilio ambao wengi huugeuza. Watu huanza na tarehe ya mshahara, wakafuata hoteli, halafu wakifika ndipo wanauliza habari za bahari. Pangani hupangwa kwa maji kwanza. Mengine yote, basi, chumba, chakula, hata saa ya kuamka, yanafuata maji.

Hatua ya kwanza: chagueni Jumamosi kwa kutazama mwezi

Maziwe iko baharini mbele ya kijiji cha Ushongo, kusini mwa mdomo wa mto. Zamani kilikuwa kisiwa kamili chenye mivinje, na kasa walitaga humo kwa wingi. Miti ikatoweka, mchanga ukaliwa na mawimbi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakubaki mti hata mmoja. Leo maji yakijaa sana, kisiwa chote kinafunikwa. Yakipwa, fungu linatokea, jeupe, limezungukwa na matumbawe na maji ya kina kifupi. Msipoangalia maji mnaweza kukodi boti, mkasafiri karibu saa nzima, mkafika mahali ambapo hakuna pa kukanyaga.

Kanuni ya pwani yetu ni rahisi na wavuvi wanaitumia kila siku. Mwezi ukiwa mpevu, na tena ukiwa umeandama, bahari inakuwa ya bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya hali hizo mbili hupita mita tatu. Siku hizo za bamvua maji hupwa mwisho kwenye saa nne asubuhi, na hujaa mwisho kwenye saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: ni maji mafu, tofauti imepungua, na kupwa kunaangukia jioni.

Kwa hiyo chukueni kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ambayo haikosekani katika nyumba nyingi za pwani, mtafute Jumamosi inayoangukia mwezi 14, 15 au 16, au 29, 30 na mwezi mosi. Hapo maji yatakuwa yamepwa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, ambao ndio muda bora wa kuwa Maziwe: jua limepanda vya kutosha kuangaza matumbawe, na upepo wa mchana haujaamka. Jumamosi ya mwezi 17 au mwezi pili, kupwa ni kwenye saa sita, bado kunafaa. Jumamosi ya mwezi 22 kupwa ni saa kumi jioni, na wikendi hiyo iacheni kwa safari nyingine. Mkishapata tarehe, mpigieni nahodha awathibitishie saa yenyewe, maana yeye ana jedwali la maji na ana macho.

Halafu angalieni msimu. Masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, mvua huharibu njia ya Ushongo na maji ya mto hutia tope baharini. Juni hadi Agosti ni kusi, upepo mkali wa kusini. Hewa ni nzuri na machungwa ya Muheza yamejaa barabarani, lakini bahari inaruka na boti hulowanisha kila mtu. Miezi ninayoipenda ni Oktoba, pamoja na Januari na Februari kwa safari za asubuhi. Kipindi cha malelezi, kusi ikiwa imekatika na kaskazi haijashika, bahari hulala kabisa. Angalieni pia kama tarehe yenu iko ndani ya Ramadhani. Hakuna anayewakataza kuja, lakini Pangani mchana migahawa mingi hufungwa, na haipendezi kula hadharani mbele ya watu waliofunga.

Hatua ya pili: watu saba na mfuko mmoja

Idadi inayofaa ni saba. Sababu ni gari. Toyota Noah ya kukodi kutoka Tanga hadi Ushongo inachukua watu saba na dereva wao, na boti ya Maziwe hukodishwa nzima, si kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa watatu kila mmoja anabeba mzigo mkubwa. Mkiwa tisa au kumi mnahitaji Hiace, ambayo si mbaya, ila kundi likifika hapo huanza kugawanyika: wawili wanataka kulala, watatu wanataka soko, na nusu siku inaisha mkisubiriana.

Teueni mtunza fedha mmoja kabla hamjataja hata jina la hoteli. Awe mtu anayeandika. Gharama zenu gawanyeni mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale yanayolipwa mkiwa bado nyumbani: nusu ya malazi, tiketi za basi za kwenda na kurudi, na malipo ya awali ya boti. Hili likusanywe wiki tatu kabla, kwa simu, na atakayechelewa ajue nafasi yake inapewa mwingine. Semeni hivyo mapema, kwa upole na mbele ya wote, maana safari nyingi huvunjika kwa sababu ya watu wawili waliosema "nipo" bila kutoa senti. Fungu la pili ni la njiani: gari, chakula, viingilio, kivuko, bakshishi. Kila mmoja atoe kiasi kilekile siku ya Alhamisi, mtunza fedha alipe kila kitu kutoka humo, na kila jioni aandike matumizi kwenye kundi la WhatsApp. Vinywaji vya mtu binafsi na zawadi za nyumbani visiingie katika mfuko huu kamwe. Ugomvi wa safari nyingi huzaliwa hapo.

Toeni fedha taslimu mkiwa Tanga mjini. Viingilio vya serikali hulipwa kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, lakini nahodha, mama wa samaki na kijana wa madafu wanataka noti, tena ndogo ndogo.

Hatua ya tatu: boti na malazi kabla ya basi

Anzeni na malazi ya Ushongo, kwa sababu ndiyo yenye nafasi chache. Ushongo ni kijiji cha wavuvi kilichoko kama kilomita 15 kusini mwa mto, na ufuo wake ni mrefu, umejaa minazi, hauna kelele. Kuna lodge za bei ya juu, kuna mabanda ya makuti ya bei ya kati, na kuna mahali pa kupiga hema. Mkipiga simu ulizeni haya: bei ni kwa mtu au kwa chumba? Kifungua kinywa kimo? Chandarua kipo kila kitanda? Umeme ni wa saa zote? Mnaweza kuletewa samaki wapikiwe, au chakula ni cha kwao tu? Hilo la mwisho linaokoa fedha nyingi.

Kisha boti. Malazi mengi yana nahodha wanayefanya naye kazi, nanyi mtakubaliana bei ya chombo kizima. Kabla ya kutuma malipo ya awali, ulizeni bei hiyo inajumuisha nini: mafuta, miwani ya kuzamia na mrija, kiingilio cha hifadhi. Maziwe ni hifadhi ya bahari, na kiingilio chake ni cha serikali, kinalipwa kwa stakabadhi. Ulizeni pia kuhusu majaketi ya kujiokolea, na msikubali jibu la "yapo". Ombeni mtumiwe picha yakiwa saba, yamefunguliwa, na vifungo vyake vinaonekana. Nahodha wa kweli hatachukia. Anayechukia mmeshamjua, tafuteni mwingine. Na siku yenyewe kila mtu analivaa tangu ufukweni, pamoja na yule anayejua kuogelea.

Chumba cha Tanga mjini kwa usiku wa Jumamosi hakisumbui. Eneo la Raskazone lina hoteli zinazotazama bahari. Kwa bajeti ndogo, nyumba za wageni za Ngamiani na Chumbageni zinatosha na mnakuwa karibu na chakula.

Basi liwe la mwisho kupangwa. Kutoka Dar mabasi ya Tanga yanaondoka kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na safari ya kilomita 350 hivi kupitia Chalinze na Segera huchukua saa sita, wakati mwingine zaidi. Kateni tiketi kwenye ofisi ya basi au kwenye simu, si kwa mpiga debe, na hakikisheni jina na namba ya kiti vimeandikwa. Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa hiyo mkitajiwa bei isiyoeleweka mna haki ya kuuliza. Tiketi za kurudi Jumapili zikatwe siku hiyohiyo, pamoja. Jumapili mchana Tanga hujaa wanafunzi na wafanyakazi wanaowahi Jumatatu.

Wanaotoka Moshi na Arusha wanashuka kwa njia ya Korogwe hadi Segera, kisha wanapinda kuelekea Muheza. Ndugu zetu wa Mombasa wana njia fupi kuliko sisi wa Dar: Lunga Lunga, Horohoro, kisha kama kilomita 65 tu hadi Tanga. Wabebe hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na wafike mpakani asubuhi.

Hatua ya nne: vya kubeba, hasa kwa ajili ya Maziwe

Nguo mnajua wenyewe. Niseme yale yanayosahaulika. Kwenye fungu hakuna mti, hakuna choo, hakuna maji ya kunywa. Jua linapiga kutoka juu na linarudi kutoka kwenye mchanga, kwa hiyo hata mwenye ngozi nyeusi tititi anaungua mabega. Kila mtu awe na kofia, shati la mikono mirefu la kuogelea nalo, mafuta ya kukinga jua, na lita mbili za maji. Kundi zima libebe turubai dogo na fito nne, au mwavuli mkubwa wa ufukweni. Bebeni viatu vya mpira vinavyofunga kisigino, maana matumbawe yanakata na kuna wadudu wa miba mirefu myeusi wanaojificha kwenye majabali. Siki au ndimu kidogo, bandeji, dawa ya kutapika kwa wasiozoea chombo. Mfuko usiopitisha maji kwa simu. Na kanga mbili kwa kila mwanamke na kikoi kwa kila mwanamume: ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni shuka, na ndilo vazi la kuingia nalo kijijini.

Hilo la vazi nalisisitiza. Pangani na Ushongo ni pwani ya Waislamu, watu wakarimu mno, na nguo ya kuogelea mwisho wake ni mchangani. Ukivuka kuelekea nyumba za watu, jifunge.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Bebeni vikapu.

Ijumaa: moja kwa moja hadi baharini

Wengi wakifika Tanga saa sita mchana wanataka kupumzika mjini kwanza. Msikubali. Bahari iwe mwanzo na mji uwe mwisho, kwa sababu mbili. Maji ya Jumamosi asubuhi hayasubiri mtu, na Jumapili mtakuwa tayari mko karibu na basi la kurudi.

Ondokeni Dar na basi la saa kumi na mbili asubuhi. Dereva wa Noah mliyemkodi kwa simu awapokee stendi ya Kange. Kuleni mchana hapo mjini haraka, toeni fedha, nunueni maji ya katoni, matunda na mkate, kisha shikeni njia ya Pangani kabla ya saa nane.

Kwenye kilomita ya 17 hivi, simameni Tongoni. Ni magofu ya mji wa Waswahili uliostawi karne za 14 na 15: msikiti ulioanguka paa, mihrabu yake bado inasomeka, na makaburi zaidi ya 40, baadhi yakiwa ya mnara. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, na aliporudi mwaka 1499 watu wake walichoma moto meli yao moja, São Rafael, karibu na miamba ya hapa kwa sababu mabaharia hawakutosha tena kuiendesha. Ukisimama kati ya makaburi unaiona bahari ileile kupitia mikoko. Nusu saa inatosha. Lipeni kiingilio, mwacheni mlinzi awaeleze, na msikae wala kuegemea juu ya kaburi kwa ajili ya picha. Ni makaburi ya watu.

Mnaendelea kupita Kigombe, mashamba ya mkonge na minazi, hadi Pangani mjini. Hapo kuna mto wa kuvuka. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo imekuwa ikijengwa kwa lami, pamoja na daraja la mita 525 juu ya mto huu. Kama siku yenu magari bado hayajaruhusiwa, mnavuka kwa kivuko hadi Bweni. Abiria wanashuka garini wanavuka kwa miguu. Mulizeni dereva siku moja kabla kama kivuko kinafanya kazi na mwisho wake ni saa ngapi, kisha lengeni kuvuka kabla ya saa kumi na moja jioni. Baada ya Bweni ni njia ya vumbi hadi Ushongo.

Mkifika, jambo la kwanza kabla ya mizigo: mtu mmoja aende kuonana na nahodha uso kwa uso. Mkubaliane saa ya kuondoka kesho, idadi ya watu, na salio la fedha. La pili, mwagizeni mpishi chakula cha mchana wa kesho. Samaki wa kupaka na wali wa nazi si chakula cha dakika kumi. Nazi inakunwa, tui zito linatengwa na jepesi, samaki anachomwa kwanza ndipo anapakwa. Mkiagiza usiku, mtarudi kutoka baharini mkikuta sufuria limeiva.

Usiku wa Ijumaa lala mapema. Nasema hivyo nikijua marafiki walivyo wakikutana.

Jumamosi: Maziwe

Tuseme maji yanapwa saa nne na nusu. Ondokeni ufukweni saa mbili na nusu, mfike fungu likiwa linaendelea kutokea. Kufika wakati maji bado yanatoka kuna faida: mnaliona likikua mbele ya macho yenu, na mna kama saa mbili za kukaa kabla ya fungu kuanza kufunikwa tena.

Kwanza zungukeni fungu kwa miguu, wote pamoja, mkijua wapi mchanga unashuka taratibu na wapi unakatika ghafla. Wasiojua kuogelea wakae upande wa taratibu. Kisha wanaotaka kuzamia waende wawili wawili na nahodha au msaidizi wake, upande atakaouchagua yeye, kwa sababu mkondo hubadilika kadiri maji yanavyosogea. Anayetumia mrija kwa mara ya kwanza ajaribu maji yakiwa kiunoni: avae miwani, avute pumzi kwa pua ishike uso, aume mrija, ainamishe kichwa na kupumua polepole kwa mdomo hadi woga uishe. Dakika tano za mazoezi hayo zinaokoa asubuhi nzima.

Chini mtaona samaki wa rangi zote wakichungulia kwenye matumbawe, pweza mwenye subira akijifanya jiwe, na viti vya pweza, yaani samaki-nyota, vyekundu, vimelala kwenye mchanga. Viacheni hapohapo. Kuna tabia ya kuviinua juu kwa ajili ya picha, na vinakufa kwa hilo. Msisimame juu ya matumbawe, wala kuokota makombe yenye kitu hai ndani.

Kasa bado wanakuja kutaga Maziwe. Mayai yakiachwa hapo bamvua ingeyafunika, kwa hiyo wahifadhi wa kijijini huyahamisha hadi ufuo wa Ushongo na kuyazika upya mahali pa usalama. Baada ya takriban siku 55 hadi 60 vitoto huchomoka na kushuka baharini. Ulizeni mkiwa Ushongo kama kuna kiota kinachokaribia. Mkibahatika, simameni nyuma ya watoto hao, bila taa ya simu, bila kuwashika, hata kama moyo unataka kumbeba mmoja hadi majini. Safari ile ya mchangani wanatakiwa waifanye wenyewe.

Nahodha akisema "maji yamegeuka, tuondoke", mnaondoka. Hakuna picha ya mwisho. Kusanyeni takataka zenu zote pamoja na maganda ya machungwa, hesabuni watu, vaeni majaketi.

Mtarudi Ushongo kwenye saa sita na nusu. Oga, kula, lala kidogo chini ya mnazi. Saa tisa muwe garini, kwa sababu Pangani mjini inastahili zaidi ya kupitwa.

Mji huu mdogo ulikuwa bandari kubwa ya misafara ya bara, na mwaka 1888 ndipo upinzani dhidi ya kampuni ya Wajerumani ulipolipuka, baada ya wakuu wake kutaka kupandisha bendera yao. Abushiri bin Salim al-Harthi aliyeuongoza alinyongwa hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Tembeeni mtaa ulioko kando ya mto: Boma, nyumba za kale zenye milango ya nakshi, roshani zilizolegea, wazee wakicheza bao. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha mlango wa nyumba inayokaliwa. Mkiweza, mtafuteni muongozaji wa mjini; saa moja naye mtaisikia Pangani kwa maneno ya wenyewe. Kisha kahawa chungu na kashata, halafu safari ya kurudi Tanga kabla giza halijaingia.

Kwa wasiopata ruhusa ya Ijumaa kazini: ondokeni Dar Ijumaa saa nane mchana, laleni Tanga, na saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi muwe njiani kwenda Pangani. Mtafika Ushongo kwenye saa tatu. Mpango huu unafaa kwa Jumamosi ya mwezi 17 au mwezi pili, ambapo maji yanapwa saa sita. Usiku mlale Ushongo, na Tongoni mwipitie Jumapili wakati wa kurudi. Amboni mtaiacha.

Jumapili: Tanga mjini

Amkeni saa kumi na mbili na nusu mwende kutafuta chai Ngamiani, ule mtaa wenye barabara zinazoitwa kwa namba. Chai ya maziwa iliyokolea, mbaazi za nazi, mahamri, vitumbua, na mkate wa ajemi wa moto ambao hapa unakandwa na kuokwa kwa ustadi usio na mpinzani. Asiyekula asubuhi ya Tanga amekuja bure.

Baada ya hapo mna njia mbili, na ningechagua Amboni. Mapango yako kama kilomita nane kaskazini, kwenye barabara ya Horohoro, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Ni miamba ya chokaa iliyojengeka zama ambazo nchi hii ilikuwa chini ya bahari, kisha maji yakaitoboa. Mtalipa kiingilio na kupewa muongozaji; bila yeye hamwingii, na ni vizuri hivyo, maana njia za ndani ni nyingi na nyingine ni nyembamba za kupita kwa tumbo. Vaeni viatu vya kufunga vyenye kushika, bebeni tochi nje ya ile ya simu, acheni begi kubwa garini. Ndani kuna joto, harufu ya popo, na mahali pa tambiko ambapo watu hadi leo huja kuomba na kuacha sadaka. Pitieni kwa adabu, msiguse kitu. Muongozaji atawasimulia pia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humu miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni. Saa moja na nusu inatosha kwa ziara nzima. Mwenye hofu ya mahali pembamba abaki nje kando ya mto, pana kivuli, na asichekwe.

Njia ya pili, kwa waliochoka, ni kukodi baiskeli. Mji ni tambarare na Watanga wenyewe ni watu wa baiskeli. Zungukeni bustani ya Jamhuri iliyo juu ya bandari, makumbusho ya Urithi kwenye boma la zamani, stesheni ya reli ambayo ujenzi wake ulianzia hapa mwaka 1893, kisha Raskazone mkaoge. Makumbusho yana picha nzuri za mji na za mapigano ya Waingereza na Wajerumani ya Novemba 1914, yale ambayo nyuki waliingilia kati wakawashambulia askari.

Saa sita muwe mmeshakula na mko Kange. Basi la saa saba litawafikisha Mbezi kwenye saa moja au saa mbili usiku. Likisimama Muheza, nunueni machungwa kwa wanaokimbilia dirishani, lakini toeni noti ndogo na mpokee chenji kabla basi halijaanza kuondoka. Mkifika Chalinze mtunza fedha awe amefunga hesabu: kilichobaki kigawanywe sawa na kurudishwa kwa simu usiku huohuo, hata kama ni shilingi elfu mbili kwa kila mtu.